Mto Hauulizi Kwenu ni Wapi

Nairobi kuna maswali mawili ambayo lazima uulizwe na mtu mkikutana mara ya kwanza. La kwanza: unaishi wapi? Hilo unalijibu haraka: Kawangware, Kibera, Donholm, Rongai. La pili: na kwenu ni wapi? Hapo unataja mahali pengine kabisa, mbali sana na hapo mliposimama. Bungoma. Siaya. Kitui. Kuishi ni huku, kwetu ni kule, na hakuna anayeshangaa.

Mimi nimezaliwa Kawangware na nikalelewa Kawangware. Karo ilipokwama nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilirudi Kawangware, na sasa naandika makala za kulipwa kwa idadi ya maneno. Ukihesabu siku zote nilizolala Bungoma tangu nizaliwe, hazifiki miezi mitatu. Lakini niulize kwetu ni wapi, na ulimi utasema Bungoma kabla sijafikiria. Siku hizi najiuliza kama jibu hilo, ambalo linasikika kama heshima kwa mababu, halina gharama yake. Nadhani linayo, na mmoja wa wanaoilipa ni mto.

Swali lenyewe ni hili: je, mtu anaweza kuwa na deni kwa mahali ambapo anasema si kwao?

Mwaka wa 2017, Bunge la New Zealand lilipitisha sheria inayoutambua Mto Whanganui kuwa mtu mbele ya sheria, mwenye haki na wajibu wake. Mto huo una wasemaji wawili. Mmoja huteuliwa kwa niaba ya serikali, na wa pili na jamii za Wamaori wa bonde hilo, ambao walikuwa wameupigania kwa zaidi ya karne moja. Kwao mto ni jamaa, mzee wa ukoo. Hapa jirani, Uganda iliandika katika sheria yake ya mazingira ya 2019 kwamba maumbile yenyewe yana haki ya kuwepo.

Nikisoma hayo naona wivu. Halafu nafikiria mto unaopita Kibera, na wivu unageuka kuwa fumbo: sisi tungemteua nani awe msemaji wake?

Mto huo unaitwa Motoine. Unaanzia pande za Dagoretti, unakatiza Msitu wa Ngong Road, unaingia Kibera, kisha unamwagika kwenye Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka wa 1953. Kuna watu wazima katika mji huu wanaokumbuka bwawa hilo likiwa na mashua za tanga na wavuvi. Leo ukiliangalia kwa mbali unaweza kudhani ni uwanja wa mpira, kwa jinsi lilivyofunikwa na gugumaji. Maji yakitoka hapo yanabadilishwa jina, yanaitwa Mto Ngong, yanapita Industrial Area na Mukuru, yanaungana na Mto Nairobi, halafu Athi, halafu Galana, halafu Sabaki, mpaka Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mto wetu wa Kawangware ni Mto Nairobi wenyewe ukiwa bado mchanga, ndio kwanza umetoka kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu. Kwa hivyo mtu wa Kibera na mtu wa Kawangware, hata wasipowahi kupanda matatu moja, uchafu wao unakutana.

Sasa mwenyeji wa Motoine ni nani?

Tukianza na majina, ni Wamaasai. Nairobi inatokana na Enkare Nairobi, maji baridi. Mji huu ulipata jina la maji kabla haujapata duka hata moja. Reli ilifika mwaka wa 1899. Miaka mitano baadaye, 1904, mkataba wa Waingereza na Wamaasai uliwahamisha kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa. Waliotoa jina walisukumwa kando, jina likabaki.

Kisha wakaja Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliolitumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles. Walikaa kwenye msitu ulio kusini-magharibi mwa mji na wakauita Kibra, neno la Kinubi la msitu. Mwaka wa 1918 ardhi hiyo ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi, ekari 4,197. Wanubi walilima, wakafuga, wakazaa na wakazika, lakini hati hawakupewa. Serikali ya mkoloni iliwaona wageni, na ile ya uhuru ikawaona wageni vilevile. Kwa miaka mingi kijana wa Kinubi aliyezaliwa Makina, ambaye baba na babu yake pia walizaliwa Makina, alitakiwa kusimama mbele ya kamati ya kumchuja ndipo apate kitambulisho. Mwaka wa 2015, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao. Juni 2017 walipewa hati ya ardhi ya jamii. Ekari 288.

Tuweke hesabu ya ekari kando kwa sasa, ingawa inauma. Kinachonigusa zaidi ni kwamba ukimuuliza Mnubi kwenu ni wapi, mara nyingi hana kijiji cha mbali cha kukutajia. Anasema Kibra. Makaburi yake yako hapohapo. Na ukiwasikiliza wazee wa Makina wakisimulia Kibra ya zamani, kila hadithi ina miti, ina shamba, na ina maji. Kwao mto ni sehemu ya ushahidi kwamba walikuwepo. Ukiufuta, umefuta ukurasa mmoja wa kesi yao.

Hapo ingekuwa rahisi kumaliza makala: Wamaasai walitoa jina, Wanubi walitunza kumbukumbu, kwa hivyo mto ni wao. Ndivyo tulivyozoea kuzungumza kuhusu jamii asilia na mito yao. Anatafutwa aliyekuja kwanza, anapewa maikrofoni. Lakini Kibera hilo haliwezi kutosha. Watu wengi wanaoishi kando ya Motoine leo, Silanga, Lindi, Gatwekera, Laini Saba, ni wapangaji waliotoka kila pembe ya nchi. Kama deni la mto ni la aliyekuja kwanza peke yake, basi maelfu ya watu wanaoamka kila asubuhi na harufu yake hawadaiwi chochote, na wala hawana haki ya kuulilia.

Isitoshe, swali la nani alitangulia lina damu. Mwishoni mwa mwaka wa 2001 Kibera iliwaka kwa sababu ya kodi ya nyumba. Upande mmoja wenye nyumba, wengi wao Wanubi. Upande wa pili wapangaji, wengi wao Waluo. Watu walikufa. Kwa hivyo ninapouliza mwenyeji ni nani, najua ninachokishika. Siulizi ili nimnyang'anye yeyote. Madai ya Wanubi kwa ardhi ni ya haki, na hayapungui hata kidogo kwa sababu jirani yao mpangaji naye anaupenda mto. Hati ya ardhi ikigawanywa kwa wengi, kila mmoja hubaki na kipande kidogo. Upendo na wajibu haviko hivyo.

Tatizo letu sisi wapangaji, tuseme ukweli, ni lile jibu la pili. Tumefundishwa kwamba Nairobi ni mahali pa kutafuta. Mwaka wa 1987 nchi nzima ilifuatilia kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Mjane wake, Wambui, alitaka amzike Matasia karibu na Ngong, walikokuwa na boma lao. Ukoo ukasema hapana, kule kuna nyumba tu, nyumbani kwake ni Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda, na akazikwa Siaya. Sijazaliwa wakati huo, lakini nimelelewa ndani ya hukumu hiyo. Kila mtoto wa ploti anaijua bila kusoma sheria: ukifa, utasafirishwa. Sasa niambie, mtu anayejua kwamba hata maiti yake haitakaa hapa, atapanda mti kando ya mto wa hapa kwa sababu gani?

Na bado naelewa kwa nini kwetu panatuvuta. Agosti 2012 nilipelekwa Bungoma kutahiriwa. Sisi Wabukusu tunatahiri mwezi wa Agosti, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Alfajiri, kabla ya kisu, kijana hupelekwa mtoni. Anavuliwa nguo, anaogeshwa maji baridi, anapakwa matope mwili mzima, na kichwani, juu ya bonge la tope, anachomekwa unyasi. Kisha anarudishwa nyumbani watu wakiimba sioyaye. Matope yale yanabeba baridi ya mto mpaka uani, pale utakaposimama wima bila kupepesa macho. Nilikuwa na miaka 12. Meno yaligongana njia nzima, na ninaweza kukwambia hata leo matope yale yalinukaje: yalinuka mvua.

Nilisafirishwa usiku kucha kwa basi ili nikapakwe matope. Nyumbani walisema ni mila, na ni kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuna aliyeitaja kwa vile haikuhitaji kutajwa. Hata kama ukoo wote ungehamia Kawangware, usingemtumbukiza mtoto wa mtu kwenye maji ya pale Gatina, halafu umkate kwa kisu akiwa na matope hayo mwilini.

Mila haielei hewani. Inahitaji vitu vya kushikika, kama tope safi, maji baridi na ukingo ambao watu wanaweza kusimama na kuimba. Mto wa mjini ukifa, mila yetu inarudi ushago, na sisi tulio huku tunabaki wapangaji hata wa utamaduni wetu. Tunaukodi kwa wiki mbili za Agosti, kisha tunapanda basi.

Wangari Maathai alisimulia kuhusu kijito cha utotoni mwake kule Nyeri, alikoenda kuteka maji na kuchezea mayai ya vyura. Karibu na hapo palikuwa na mugumo, na mama yake alimkataza kuokota hata kuni zake, kwa maana ulikuwa mti wa Mungu. Baadaye mti ulikatwa na kijito kikakauka. Alipokuwa mwanasayansi ndipo alipoona mantiki ya katazo lile. Mizizi ya mugumo huenda chini sana, hushika udongo, na huyapa maji ya chini njia ya kupanda juu. Mwiko ulikuwa umebeba elimu ambayo haikuandikwa popote.

Sisi pia tuna mwiko wa mto. Kila mtoto wa Kibera na Kawangware ameusikia kwa mama yake: usiguse yale maji. Ila mwiko wetu umegeuzwa. Ule wa Nyeri uliulinda mto dhidi ya watu, na huu wetu unawalinda watu dhidi ya mto. Mama hana kosa. Mtoto akigusa yale maji ataugua kweli. Lakini tazama tunachokirithisha. Kizazi baada ya kizazi kinaujua mto kama kitu cha kukwepwa, na ni vigumu sana kudaiwa na kitu ulichofundishwa kukikimbia.

Mwaka wa 2024 mwiko huo ulipata tingatinga. Mvua za Aprili ziliijaza mito ya Nairobi ikapasuka kingo, na watu walikufa. Serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Nyumba zikabomolewa Mathare, Mukuru, Kibera, na kila familia ikaahidiwa Sh10,000. Sikatai kwamba hatari ilikuwepo. Maji hayajui huruma, na mtu aliyelala mita tano kutoka ukingoni anapaswa kuhamishiwa mahali salama. Ninachokataa ni lugha iliyotumika, kana kwamba mto ni upande mmoja na watu ni upande wa pili, na kuuokoa mmoja ni kumfukuza mwingine. Kule Whanganui, sheria ya mto ilianza kwa kuwatambua watu wake. Huku kwetu, mto unakumbukwa siku ya kuwatoa watu wake. Halafu mwaka unaofuata tunawashangaa kwa kutoujali.

Najua jibu la haraka: lakini si ni nyinyi mnaotupa taka? Hapa nataka tutenganishe maneno mawili ambayo tunayachanganya kila siku, lawama na wajibu.

Lawama inatazama nyuma. Inauliza nani alifanya, na angeweza kufanya vingine? Ukitumia kipimo hicho kwa haki, mama wa Silanga ambaye hana choo chenye bomba la maji taka, ambaye usiku anaogopa kutoka nje, na ambaye gari la taka la kanjo halifiki kwake, anabeba lawama ndogo sana. Lawama kubwa iko kwa aliyekuwa na bajeti na hakuweka bomba, kwa kiwanda chenye uwezo wa kusafisha maji yake na hakikusafisha, na kwa karne nzima ya serikali zilizosema Kibera haipo kwenye ramani kwa hivyo haihitaji huduma.

Wajibu unatazama mbele. Unauliza nani yuko karibu, na nani anaweza kuanza? Hapo mama wa Silanga yumo, nami nimo, pamoja na kaunti, kiwanda na mwenye ploti, kila mmoja kwa nguvu zake. Unaweza kuwa na wajibu bila kuwa na lawama. Mtoto wa jirani akianguka mtaroni, humwachi kwa sababu si wewe uliyemsukuma. Ukilishika hilo, huhitaji kusubiri kamati iamue nani aliuchafua mto ndipo uinuke. Na huhitaji kuwa mzaliwa wa asili. Katiba yenyewe inalikubali. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinasema anayekwenda mahakamani kuyatetea halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyeumia. Hakuna mahali panapouliza kwenu ni wapi.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaitumia methali hii kuwacheka jamaa waliokuja kututembelea wakakaa sana. Mimi naisoma vingine. Jembe ni namna ya kumkaribisha mtu kwa dhati. Siku mbili unakula cha wenyeji, na ya tatu unashika mpini, na kuanzia hapo mavuno ni yako pia. Ugeni unaisha kwa kazi, wala huhitaji ukoo. Lakini methali ina upande wa pili tunaousahau: lazima mwenyeji akupe hilo jembe. Nairobi imetuacha wageni kwa miaka mia moja na ushee bila kutupa jembe, kisha inatulaumu kwa shamba kuwa pori.

Mahali ambapo jembe limepatikana, watu wamelishika. Ndani ya Kibera, kando ya Motoine na vijito vyake, wakaazi kwa kushirikiana na shirika la Kounkuey Design Initiative wamejenga viwanja vya umma penye jalala, pakawa na vyoo, mahali pa kufulia na pa watoto kucheza. Korogocho, vijana wa Komb Green waligeuza jalala kando ya Mto Nairobi kuwa bustani. Wengi wa watu hawa, ukiwauliza, watakutajia kwao pengine. Lakini mikono yao imeshajibu vingine.

Basi nirudi kwa lile fumbo la wasemaji wawili. Kama Motoine ungepewa nafasi kama ya Whanganui, mimi ningependekeza hivi. Msemaji wa kwanza awe mzee wa Kinubi kutoka Makina, kwa sababu ni lazima awepo mtu anayekumbuka maji yalivyokuwa, na kwa sababu jamii iliyokataliwa karne nzima inastahili kusikizwa kwanza. Wa pili awe mpangaji wa Silanga, ikiwezekana aliyehamia mwaka jana tu, ambaye bado anasema kwao ni Kitui. Waketi meza moja, wakigombana inapobidi. Na kabla ya kuzungumzia bustani, mashua au watalii, barua yao ya kwanza iende City Hall, iwe fupi, idai bomba la maji taka kwa kila ploti iliyo juu ya mto, na gari la taka kila wiki. Wakishaweka sahihi zao, waache nafasi chini kwa majina mengine, maana hata sisi wa Kawangware tutataka kutia sahihi.